Kotmiri ya Kigamboni: kisa cha bustani iliyokuwa ikinyweshwa chumvi

Kotmiri inayopandwa pwani na kunyweshwa maji ya kisima hufa kwa namna inayodanganya. Haifi siku moja. Huota vizuri, ikatoa majani ya kwanza yenye harufu kamili, na mwenye bustani akaanza kuhesabu mafungu. Halafu kingo za majani hukauka, mmea hudumaa, na kabla haujafikia kimo cha kiganja husukuma shina jembamba lenye ua jeupe. Atakayeutazama atasema jua limeuchoma, au mbegu zilikuwa mbovu. Jua lina sehemu yake katika kosa hilo, na mbegu mara chache zina yake, lakini katika nyumba nyingi za ukanda wa bahari mkosaji mkubwa anatoka kwenye ndoo ya kumwagilia.

Kisa ninachokichambua ni cha nyumba moja ya Kigamboni, Dar es Salaam, ng'ambo ya kivuko, si mbali na bahari. Wanaoishi humo ni bibi, binti yake mkubwa na wajukuu. Jioni hukaanga bajia za kunde na kachori, wakauza barazani. Kinachowarudisha wateja ni chatini: kotmiri na nanaa zilizosagwa pamoja na pilipili mbichi, kitunguu saumu, ndimu, na embe bichi msimu wake ukifika. Kotmiri ndiyo wengine huiita giligilani, na Kenya dania. Ikikosekana, chatini inabaki pilipili na ndimu, na wateja wanasema. Sehemu ya mboga na majani ya viungo yanayouzwa Dar es Salaam hutoka milimani, Lushoto na Mgeta, hupitia sokoni usiku, na fungu likifika Kigamboni mchana limeshalegea. Kwa hiyo waliamua kupanda wenyewe uani. Walikuwa katika mwaka wa pili wa kupanda na kupoteza pale binti aliponiita niwatazamie.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Binti alisema, "Kaka, mbegu za siku hizi si mbegu." Bibi alijilaumu mwenyewe: "Mwanangu, mimi sina mkono wa kupanda. Marehemu mama yangu akichomeka kijiti kinashika." Nilimwambia, "Bibi, tuuache mkono kwanza, tuitazame mimea."

Kilichoonekana uani

Vyombo vilikuwa vya kila aina: ndoo za rangi, besini lililopasuka, viroba vya saruji, na tuta moja refu kando ya ukuta. Kotmiri ilikuwa kwenye ndoo, imedumaa yote, majani ya chini yamekauka kingo. Vitunguu majani vilikuwa na ncha za kahawia. Nanaa ilitambaa, lakini karibu kila jani lilikuwa na ukingo mkavu. Mrehani ulikuwa hai, mfupi, umejaa maua. Rozimeri moja kwenye kopo la maziwa ilikuwa nzima kabisa. Na mchaichai uliopandwa mtaroni mwa maji ya kuogea ulikuwa umefunga kichaka kinachofika kiunoni.

Hapo ndipo kisa kilipoanza kujieleza. Ingekuwa mkono wa bibi, kila kitu kingedhoofika sawasawa. Ingekuwa jua, mrehani na mchaichai vingelalamika pia, kwa kuwa vilikuwa vimekaa mahali palepale penye jua. Mimea hii iliharibika kwa daraja, na daraja lenyewe lafahamika: kitunguu na kotmiri huumia mapema zaidi chumvi inapozidi udongoni, rozimeri huvumilia sana, mchaichai huvumilia kiasi. Anayetaka kutambua tatizo la bustani ya nyumbani na aanze na swali hili: nani mzima, nani mgonjwa, na walio wazima wanafanana kwa lipi? Swali hilo halina gharama, na hujibu mengi kabla hujanunua dawa yoyote.

Ishara nyingine zilikuwa wazi kwa anayezitafuta. Midomo ya ndoo ilikuwa na ukoko mweupe, na juu ya udongo pia, hasa mahali palipokauka. Sabuni ya kufulia haikutoa povu kwa maji ya kisima kile. Na binti mwenyewe alikumbuka, nilipomuuliza, kwamba kila mwaka mimea hupata nafuu wakati wa masika na kuharibika tena kuanzia Desemba hadi Februari.

Hata hivyo sikutaka kuihukumu chumvi kabla ya kuwaondoa washukiwa wengine. Mbegu zilikuwa zimenunuliwa duka la viungo, zile za kupikia, na mbegu za aina hiyo huweza kuwa zimekaa ghalani muda mrefu. Tuling'oa mrehani mmoja kuangalia minyoo fundo, kwa sababu udongo wa kichanga ndio makao yake na mrehani ni chakula chake. Mizizi ilikuwa na vifundo vichache upande wa tutani, lakini ndani ya ndoo hapakuwa na hata kimoja, na kotmiri ilikuwa ikifia humo ndani ya ndoo. Kinyausi nacho huua miche, ila huikata chini usawa wa udongo ingali michanga. Hii ya kwetu ilikuwa imesimama imara, ikikauka kutoka pembeni mwa majani.

Jaribio la vitambaa viwili

Tulifanya jaribio ambalo nyumba yoyote inaweza kulifanya. Mbegu kutoka pakiti ileile ziligawanywa mafungu mawili, kila fungu likafungwa katika kitambaa. Kitambaa kimoja kililowekwa kwa maji ya kisima, kingine kwa maji ya kunywa, vyote vikawekwa kivulini ndani ya sahani zilizofunikwa na kulowanishwa kila asubuhi kwa maji yale yale.

Kitambaa cha maji ya kunywa kilianza kutoa machipukizi ndani ya siku kumi, na mbegu nyingi zikafuata. Cha maji ya kisima kilichelewa, na kiasi kikubwa cha mbegu hakikuota kabisa. Mbegu zikawa zimesafishwa jina. Ninalipenda jaribio hili kuliko kipimo chochote cha kununua, kwa sababu mwenye nyumba huona kwa macho yake na hahitaji kumwamini mtu.

Baadaye tuliazima kalamu ya kupimia chumvi, ile inayotumbukizwa majini ikasoma namba. Kiangazi kile kisima kilisoma zaidi kidogo ya 3 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, ambacho namba yake hupanda kadiri chumvi inavyozidi. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 1985, ambao wataalamu wa umwagiliaji bado wanautumia, unasema maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida kwa mazao, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu unaoongezeka kadiri namba inavyopanda, na zaidi ya 3 yana kikwazo kikubwa. Bahari yenyewe husoma karibu 50. Kwa upande wa udongo, kitunguu huanza kupunguza mavuno chumvi ikipita 1.2, pilipili ikipita 1.5. Familia ilikuwa ikiinywesha mimea laini maji ambayo ni mazao magumu tu yanayoweza kuyastahimili.

Kwa nini kisima kiwe na chumvi wakati jirani wa bara kidogo ana maji matamu? Pwani, maji ya mvua yaliyozama ardhini hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta sana kwa pampu ukashusha ile mita 1, maji ya chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa. Visima vinapoongezeka mtaani na kila nyumba ikawa na pampu, kisima kilichokuwa kitamu miaka ya nyuma hugeuka. Hilo si kosa la aliyekichimba.

Tabia zilizoongeza chumvi

Namba ya kisima pekee haikueleza kila kitu. Masika kilishuka chini ya 2, na mtu mwangalifu anaweza kupata kitu kwa maji ya 2. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi na bibi, kwa sababu mambo aliyokuwa akiyafanya kwa nia njema ndiyo yaliyomaliza kazi.

La kwanza ni kumwagilia kidogo kidogo. Alihurumia maji, kwa hiyo kila jioni alinyunyiza kopo moja juu ya kila ndoo, udongo ukalowa vidole viwili tu. Usiku na kesho yake yale maji hupanda hewani, mengine kupitia majani na mengine moja kwa moja kutoka kwenye udongo. Maji huondoka, chumvi hubaki. Kesho linakuja kopo jingine na chumvi nyingine. Baada ya wiki kadhaa udongo wa juu, mahali ilipo mizizi ya kotmiri changa, una chumvi kuliko kisima chenyewe. Mzizi hunyonya maji pale tu ambapo chumvi ya nje haijazidi ya ndani. Ikizidi, mmea hukaa na kiu huku udongo umelowa. Ndiyo maana mtu huona mmea umelegea, akagusa udongo, akakuta una unyevu, akachanganyikiwa.

La pili, ndoo hazikuwa na matundu ya kutosha, na nyingine zilikuwa na sahani chini ili maji yasipotee. Chumvi haikuwa na pa kutokea.

La tatu ni samadi ya kuku. Walipoona majani yanageuka, waliongeza samadi mbichi kutoka bandani. Samadi ya kuku ina chumvi nyingi kwa asili yake, na ikiwa mbichi hutoa amonia inayounguza mizizi midogo. Kila mara waliyoiongeza, mimea ilirudi nyuma, na wao wakadhani haijatosha.

La nne linawahusu watu wa pwani hasa. Ili udongo wa kichanga ushike maji, binti alichanganya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Wazo lenyewe ni zuri sana. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, hushika maji na kuacha hewa ipite. Lakini makumbi aliyoyapata yalikuwa yale yanayofukiwa ufukweni kwa miezi ili yalainike kwa ajili ya kusokota kamba, na kitu kilichokaa ndani ya maji ya bahari hutoka na bahari yake. Yakioshwa na kulowekwa kwa maji baridi mara kadhaa hutumika vizuri. Yasipooshwa, ni sawa na kumimina chumvi kwa mkono.

La tano ni kumwagilia juu ya majani. Maji ya chumvi yakikaukia jani, hasa jua likiwa limeshapanda, chumvi huingia kupitia ngozi ya jani na kulibabua. Nanaa ndiyo iliyoumia zaidi kwa hili.

Mtu mmoja alikuwa amewashauri wachemshe maji, mwingine wayapitishe kwenye mkaa na mchanga. Kuchemsha huongeza ukali wa chumvi kwa kuwa maji hupungua, na mkaa hauondoi chumvi. Kuyalaza kwenye pipa usiku kucha hakubadilishi kitu. Kwa nyumba isiyo na mtambo wa kuchuja, njia iliyopo ni kuyazimua kwa maji yasiyo na chumvi au kuchagua mimea inayoyaweza.

Kugawa bustani kwa maji

Uamuzi uliobadilisha bustani ile ulikuwa kuacha kuipanga kwa jua na nafasi, na kuipanga kwa maji. Tuligawa mimea makundi mawili. Mchaichai, rozimeri na mrehani ikabaki kwa kisima. Kotmiri, nanaa, vitunguu majani na miche yote michanga ikahamishiwa upande wa jikoni, ambako maji yasiyo na chumvi yanapatikana bila safari ya ziada. Pilipili ikawekwa katikati: maji mchanganyiko.

Maji yasiyo na chumvi yatoke wapi? Jibu la kwanza lilikuwa jikoni kwenyewe. Nyumba inayokaanga bajia za kunde hulowesha kunde kila siku, na hupika wali karibu kila siku. Maji ya kulowekea kunde na ya kuoshea mchele yalikuwa yakimwagwa mtaroni, nayo ni maji ya bomba yaliyonunuliwa kwa madumu, hayana chumvi. Yakitumiwa siku ileile kabla hayajachacha, yanafaa kabisa. Ni lita chache, lakini zilitosha kuinywesha nanaa na kitalu cha miche. Maji ya kufulia hatukuyagusa, kwa sababu sabuni huja na sodiamu yake.

Jibu la pili lilikuwa paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la nyumba ile lina kama mita 40 za mraba. Ukitoa yanayomwagika na kukauka, tuseme robo tatu na ushei yanafika kwenye tangi, kila milimita 1 ya mvua inaleta lita kama 32. Tangi la lita 1,000 linajaa kwa milimita 31 hivi, na masika ya Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, hunyesha mara nyingi zaidi ya hapo. Waliweka mfereji wa bati ukingoni mwa paa, wakaelekeza kwenye tangi walilokuwa nalo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ipite, kwa kuwa huosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya upepo wa bahari iliyokaa juu ya mabati.

Hesabu iliyotupa moyo ni hii. Kotmiri yote ya nyumba ile inakaa katika eneo la mita 2 za mraba. Ikipewa lita 5 kwa kila mita kwa siku, inakula lita 10. Tangi la lita 1,000 lililojaa mwisho wa Mei linaweza kuilisha siku 100, yaani hadi mwanzoni mwa Septemba. Na miezi hiyo ndiyo ya kipupwe, wakati ambapo Dar es Salaam ina ubaridi wake mdogo na kotmiri inastahimili kuliko wakati wowote mwingine. Maji na hali ya hewa vinakutana mahali pamoja. Sijui mpango mwingine wa bustani ya pwani ulio rahisi kuliko huu: kinga masika, panda kipupwe.

Tangi linafunikwa kwa wavu mzito kwenye kila tundu, na hilo halina mjadala. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama majumbani, mapipa na makopo yakiwamo. Bustani ya kotmiri haistahili homa ya mtoto.

Kwa pilipili, hesabu ya kuzimua ni nyepesi. Maji ya mvua yana chumvi karibu na sifuri, hivyo ndoo moja ya kisima cha 3 ikichanganywa na ndoo moja ya mvua inakuwa karibu 1.5, na moja ya kisima kwa tatu za mvua inakuwa karibu 0.75.

Mimea iliyobaki kwa kisima nayo ilibadilishiwa namna ya kunywa. Ndoo zilitobolewa matundu chini, sahani zikaondolewa. Humwagiliwa asubuhi mapema, kwenye udongo, mpaka maji yatoke chini, na hairuhusiwi kukauka kabisa katikati, kwa kuwa udongo unapokauka chumvi hukolea. Bibi aliona uchungu kuona maji yakichuruzika. Nilimweleza kwamba yale yanayochuruzika ndiyo yanayobeba chumvi kuitoa nje. Hapa kichanga cha Kigamboni, ambacho watu hukilaumu kila siku, ni msaada mkubwa: huoshwa kwa urahisi. Chumvi ikiingia udongo wa mfinyanzi, kuitoa ni kazi ya misimu.

Udongo wa ndoo ulitupwa wote tutani kabla ya masika ili mvua iuoshe, na vyombo vikajazwa upya: kichanga kilichooshwa, mboji iliyoiva vizuri, na makumbi yaliyolowekwa na kubadilishiwa maji. Samadi ya kuku ilihamia kwenye lundo la mboji, ambako itakaa mpaka ipoe na isinuke.

Kotmiri kama mchicha

Baada ya kutatua maji, lilibaki joto. Vitabu vingi na pakiti nyingi za mbegu kutoka Ulaya husema kotmiri hutoa maua mapema kwa sababu ya siku ndefu za kiangazi cha huko. Kwetu siku ndefu na fupi za mwaka hazipishani hata saa moja, kwa hiyo maelezo hayo hayatufai sana. Kinachoisukuma ni joto na kiu. Lushoto, iliyo kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina ubaridi wa nyuzi nane au tisa zaidi ya pwani, na kotmiri yake hujaza majani kabla ya kufikiria ua. Ya Kigamboni haitakuwa hivyo hata ikipewa maji ya chemchemi.

Msimamo wangu ni kwamba mkulima wa pwani asiitendee kotmiri kama kichaka cha kuchumia majani miezi mingi. Aitendee kama mchicha: apande kwa wingi, avune ikiwa changa, ang'oe na mizizi, apande tena. Walipolikubali hili, mengi yalirahisika. Kila baada ya wiki mbili wanapanda chombo kimoja, na kila chombo huvunwa kikiwa na wiki tano au sita hivi, kabla hakijapata muda wa kutoa shina. Mizizi nayo inasagwa kwenye chatini, ina harufu kuliko majani.

Upandaji wenyewe una mambo machache yasiyorukwa. Kile kidonge cha mviringo ni mbegu mbili zilizoshikana. Huviringishwa kwa chupa juu ya meza kwa mkono mwepesi mpaka zigawanyike bila kusagika, kisha hulowekwa usiku mmoja kwa maji ya mvua. Hupandwa palepale zitakapokua, kina cha sentimita 1, kwa sababu kotmiri ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja na ukiuhamisha hukasirika na kutoa ua. Binti alikuwa akiihamisha kutoka kitaluni kama nyanya. Juu ya vyombo waliweka kichanja cha makuti kinachopitisha jua la asubuhi na kuzuia la saa sita hadi saa kumi. Udongo hufunikwa kwa matandazo ya majani makavu mara miche inaposimama, usipate joto wala kukauka haraka.

Mimea mingine

Nanaa ilipona haraka kuliko yote. Matawi yenye afya yalikatwa, yakawekwa ndani ya glasi ya maji ya kunywa, yakatoa mizizi ndani ya wiki mbili, yakapandwa kwenye besini lake peke yake kwa sababu ikiachiwa hutambaa na kumeza jirani.

Mrehani ulihitaji kukatwa tu. Ua lake linapotokea, nguvu yote huenda kwenye mbegu na majani hupungua. Bibi alikuwa akiuacha uchanue kwa ajili ya harufu na kwa vikuba, jambo ambalo silipingi. Tuliacha mmoja uchanue karibu na mlango na mingine ikawa inakatwa vichwa kila inapochipua. Ule wa tutani, wenye minyoo fundo, uling'olewa na mizizi yake ikachomwa. Mahali pake hapatapandwa mrehani wala pilipili wala nyanya kwa misimu kadhaa. Mchaichai umehamia hapo.

Rozimeri niliomba iachwe kama ilivyo. Pwani huuawa na unyevunyevu wa mizizi mara nyingi zaidi kuliko kiu, na kopo lake la maziwa lilikuwa na matundu mazuri kuliko ndoo zote.

Upande wa ukutani kulikuwa na njano nyingine isiyohusiana na chumvi: majani machanga yaligeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, na vifusi vyake pamoja na saruji vilizikwa palepale. Chokaa yake huyafunga madini ya chuma udongoni mmea usiyapate. Vifusi viliondolewa kadiri ilivyowezekana, mboji ikaongezwa, na hatukuweka chochote kingine.

Ilipofikia

Kipupwe cha kwanza baada ya mabadiliko, nyumba ilipata kotmiri yake ya chatini siku nyingi za wiki. Vitunguu majani vilirudi kijani mpaka nchani. Januari na Februari hali ilikuwa tofauti: hata kwa maji yaliyokingwa wakati wa vuli, joto liliirusha kotmiri kwenye ua, na tulikubaliana kwamba miezi hiyo wasipoteze mbegu wala maji. Wanaongeza nanaa, wanaweka ukwaju na majani machache ya mrehani, na kotmiri kidogo wanainunua. Wateja wameizoea chatini ya kiangazi na wapo wanaoiulizia.

Kazi iliyobaki ni ya mbegu. Mazoea ya nyumba nyingi ni kuhifadhi mbegu za mmea uliochanua kwanza, kwa kuwa ndio ulio tayari mapema, na kwa njia hiyo watu huchagua bila kujua mimea inayokimbilia ua. Sasa kila chombo huachiwa miche miwili au mitatu iliyochelewa kuchanua kuliko wenzake, hufungwa uzi mwekundu shinani ili wajukuu wasiing'oe, na mbegu zake hukaushwa kivulini na kutiwa kwenye chupa iliyoandikwa mwezi. Waliochanua mapema mbegu zao huenda jikoni kwenye kikaango.